Kisahani Kisichokwaruzwa

Kazi yangu ni kutazama seli za kansa zikitembea. Nikisema hivyo harusini au msibani, watu hunitazama mara mbili, halafu lazima atokee mmoja wa kuuliza kama zina miguu. Hazina. Seli hujinyoosha upande mmoja, ikashika, kisha ikajivuta mwili mzima kufuata pale iliposhika, kama mtu anayepanda jiwe kwa mikono. Mwanza mfano huo hauhitaji maelezo, maana wengi wetu tunapanda mawe kila siku ili tufike nyumbani.

Hadubini yetu ni ya mwanga wa kawaida. Chini yake kuna kiboksi chenye joto la mwili wa binadamu, na ndani ya kiboksi kunakaa kisahani cha plastiki chenye seli, zimelala kwenye maji yao ya lishe. Zinakwenda polepole mno. Ukizikodolea macho huoni kitu, kama vile usivyouona mshale wa saa ukisogea. Kwa hiyo kamera inapiga picha kila baada ya dakika chache, kutwa kucha, halafu tunaziunganisha, na siku nzima inapita kwa muda wa mtu kunywa maji ya glasi moja. Hapo ndipo unaziona zikihangaika. Mara ya kwanza nilipoziona niliinuka kwenye kiti bila kujijua.

Seli zetu hazikutoka kwa mgonjwa tunayemfahamu. Ni za kansa ya titi, zimekuzwa maabara kizazi baada ya kizazi, tukazipokea zikiwa zimegandishwa. Tunatafuta kitu cha kuzizuia zisihame, kwa sababu kansa ya titi ikibaki kwenye titi, mara nyingi mtu anapona. Inayoua ni ile iliyohama ikafika kwenye mapafu, ini au mifupa. Namna yetu ya kufanya kazi ni kukwaruza. Tunaziacha seli zijae kisahani mpaka zibanane, kisha tunachukua ncha nyembamba ya plastiki na kukwaruza mstari katikati. Inabaki njia tupu. Tunaweka dawa tunayoijaribu, tunawasha kamera, tunaona seli za pande mbili zitachukua muda gani kuijaza ile njia. Nimekwaruza visahani vingi kiasi kwamba mkono wangu unakwenda wenyewe.

Sasa, bibi yangu wa Kisesa, mama yake baba, alipata donge kwenye titi.

Alinionyesha mimi, na si mtu mwingine, kwa sababu mimi ni mke mwenzake. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Tangu nikiwa mdogo ananiita hivyo, na babu alipokuwa hai tulimgombania hadharani, mimi nikidai nimepikiwa wali na mume wangu, bibi akidai nimemwibia. Nikifika na kumwamkia shikamoo, hujibu marahaba, halafu papo hapo ananiuliza nimefuata nini wakati mume mwenyewe tulishamzika. Mimi humjibu kwamba nimefuata urithi. Huo ndio mlango wangu kwake, na siku hiyo alipitia humohumo. Nilikuwa namsugua mgongo akioga, akageuka, akaushika mkono wangu, akauweka juu ya donge. Akasema kwa Kisukuma kwamba mke mwenza akiwa na kitu kizuri lazima amwonyeshe mwenzake.

Lilikuwa gumu, halisogei. Nikamuuliza analo tangu lini, akasema miezi mingi, hajamwambia mtu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima vizuri kwa mikono, titi hadi kwapani, akashika mtoki huko, tezi iliyovimba, akauandika kwenye faili, akasema inabidi achome sindano achukue kinyama kidogo wakipime. Bibi alipoiona sindano ikitoka kwenye karatasi yake alijifunga kanga, akaaga kwa heshima zote, akatoka. Tulimkuta kwenye geti akiulizia magari ya Kisesa.

Hakuwa mjinga, na asije mtu akaniambia kwamba alikuwa mjinga. Jirani yake, shoga yake wa kulima pamba, alikatwa titi, na mavuno yaliyofuata hakuyaona. Mwingine huko Magu vivyo hivyo. Bibi alikuwa ameona kwa macho yake, akapata hitimisho lake: kansa haipendi chuma. Ukiiacha, inalala. Ukiigusa kwa kisu, inaamka na kuhama. Tena si yeye peke yake, nusu ya Mwanza wanasema hivyo, hata watu waliosoma, wanasema kwa sauti ya chini.

Na wanawe hawakuweza kumsaidia. Baba yangu ana ng'ombe, ana duka la pembejeo, akisimama kwenye kikao wanaume wenzake wananyamaza, lakini neno titi, la mama yake mzazi, halikai mdomoni mwake. Kikao cha familia kilipoitwa, yeye na wadogo zake walizungumza asubuhi nzima juu ya "lile tatizo la kifua la mama." Baba mdogo anayeishi ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, aliyeitwa kwa simu kwa maneno hayohayo, alivuka na chupa mbili za dawa ya kikohozi. Akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Bibi akapokea, akashukuru, akanitazama mimi, na wote wawili tukatoka nje kucheka. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe.

Mimi hukasirika haraka. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nilirudi kwenye kile kikao nikawaambia wazee wangu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwamba ugonjwa una jina na kiungo kina jina. Baba alitazama viatu vyake. Hakunigombeza, na hilo lilinionyesha jinsi alivyokuwa na hofu. Nikasema potelea mbali, nitafanya mwenyewe. Bibi anaamini kansa haiamki mpaka iguswe. Mimi nina video za kansa ikitembea. Nitamwonyesha.

Nilikuwa nimeshafika kazini asubuhi iliyofuata, nimeshachagua video iliyo nzuri kuliko zote, ndipo nikaona ninachotaka kumwonyesha. Video inaanza na mkwaruzo. Mtu anachana katikati ya seli zilizotulia, na seli zinakimbilia palipochanwa. Nikafungua nyingine, na nyingine. Zote hivyo. Bibi angetazama, angetikisa kichwa, angesema, si nilikuambia?

Nilikaa pale nikajiuliza kitu ambacho kilinitisha kidogo: je, yuko sahihi?

Nilimfuata mkuu wetu wa maabara, mtu mpole asiyependa kupandisha sauti, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anafuta miwani. Akaniambia kwamba kisahani si mwili, na mimi najua hivyo. Halafu akasema neno ambalo nimelishika: "Sisi tunakwaruza na kuziacha. Daktari wa upasuaji anakata na kuzitoa." Nikamwomba siku chache za kamera kwa kisahani kisichokwaruzwa, seli zikiwa chache, zimetawanyika, hakuna aliyezigusa. Hakikuwa kwenye mpango wa utafiti. Alinitazama, akasema nitumie siku ambazo zilikuwa za kwake.

Nikapanda seli, nikawasha kamera, nikaenda zangu. Nilipounganisha picha, jamani! Zote zilikuwa zinatembea. Zote, tena upande mmoja, kundi zima kama ng'ombe wanaokwenda ziwani kunywa maji. Niliruka. Nikaita wenzangu waje waone. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia bibi, ndipo nikaona chembe ya uchafu kwenye kona, kivumbi tu kilichoanguka kisahanini. Nacho kilikuwa kinatembea, mwendo uleule, upande uleule. Uchafu hautembei. Kilichokuwa kinasogea ni kisahani.

Hapo inabidi niseme juu ya chumba chetu. Mkuu alikichagua yeye mwenyewe kwa sababu sakafu yake imemwagwa moja kwa moja juu ya mwamba. Hadubini inayopiga picha siku nzima haitaki kutikiswa, na hapa kwetu mtu akitaka kitu kisichotikisika anatafuta jiwe. Tulijisifu kwa hilo mbele ya wageni. Hakuna aliyefikiria kwamba jiwe letu haliishii kwenye ukuta wetu. Mwenye kiwanja cha jirani alikuwa amepata vibali vya kujenga, na wapasua mawe walikuwa wanalivunja upande wa pili kwa moto na nyundo. Kila nyundo iliyopigwa kule ilifika huku chini ya sakafu, ikakisukuma kisahani changu unywele mmoja, tena unywele mmoja.

Nakiri ile video niliipenda. Ilikuwa inatisha vizuri. Bibi asingejua habari za uchafu wa kwenye kona. Angeona seli zote zikihama bila kuguswa, na huenda angeinuka palepale kwenda hospitali. Mwenzangu mmoja aliniambia nisiwe na roho ngumu, nimwonyeshe tu, ni kwa faida yake. Nilifikiri njia nzima ya kurudi Butimba ninakoishi. Lakini mtu aliyeushika mkono wangu akauweka kwenye titi lake, siwezi kumdanganya kuhusu titi hilo. Na akija kujua, asingeamini tena neno la mtu yeyote aliyevaa koti jeupe, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikazunguka ukuta, nikawafuata wapasua mawe. Walikuwa wamechoma magogo juu ya jiwe, moshi umewajaa, nyundo zinakwenda kwa zamu. Kiongozi wao aliniuliza kama nimekuja kulalamikia moshi, maana majirani wote walikuwa wameshalalamika. Nikamwambia nimekuja kuwaomba wasipige nyundo kesho na keshokutwa. Walicheka kwelikweli. Mmoja akauliza kama vidudu vyangu vinataka kulala. Nikamjibu kwamba tatizo ni kuwa havilali, na bibi yangu haamini. Wakataka kujua, nikawaeleza, nimesimama kwenye kokoto na viatu vya maabara, nikiwaonyesha kwa vidole jinsi seli inavyojivuta. Kicheko kilipungua. Kiongozi alisema mama yake mkubwa alikwenda hivyohivyo, kwa kusubiri. Kisha akageuka akawaambia wenzake kwamba mawe yaliyokwisha kupasuka ni mengi, yanatosha kuwapa kazi ya kubeba na kupanga. Wakapanga mawe siku zote mbili, na kimya kile nilikuwa nakisikia mpaka kwenye meno.

Video ya safari hii ilinivunja moyo kidogo. Seli nyingi hazikwenda popote. Zilijinyoosha, zikarudi, zikazunguka palepale. Chembe za uchafu zilitulia, kwa hiyo nilijua ni kweli. Ni chache tu zilizoondoka, kila moja na njia yake, na moja kati ya hizo ilikata picha nzima toka ukingo hadi ukingo, peke yake, bila kusimama. Hiyo ndiyo kweli niliyokuwa nayo. Nikaiweka kwenye laptopu nikaenda Kisesa.

Jua lilikuwa kali, kioo hakionyeshi kitu, na ndani ya nyumba wageni walikuwa wamejaa. Baba na wadogo zake walikuwa uani wanazungumza habari za mvua. Bibi akatatua mwenyewe: akachukua kitenge chake, akatufunika vichwa sisi wawili pamoja na laptopu, palepale kwenye mkeka. Joto lilikuwa la kupikia maandazi. Nikamwambia hizi ni kansa za titi, si zako, ni za mtu mwingine, na hakuna aliyezigusa.

Alitazama mpaka mwisho. "Mbona wengi wamekaa tu?"

Nikamwambia ndiyo, wengi hukaa. Hata kwa mtu ni hivyo. Wanaoua ni wale wachache wanaoondoka.

Akaniambia nirudie. Ile moja ilipoanza safari yake aliigusa kwa ukucha, akaifuata kwenye kioo hadi ikatoka nje ya picha. "Huyu nani kamwamsha?"

"Hakuna, bibi. Ameamka mwenyewe."

Akataka tena. Tulitazama mara nyingi, jasho linatudondoka. Nilishaanza kuona kwamba nimeshinda, ndipo akauliza swali ambalo nilikuwa nimeomba asiliulize.

"Na mkiwagusa?"

Ningeweza kusema sijui. Nikavuta pumzi ile ya moto iliyokuwa mle ndani, nikasema.

"Tukiwakwaruza wanasogea. Wanakimbilia palipokwaruzwa. Nimeona mara nyingi, sitakuficha. Lakini sisi tunawakwaruza halafu tunawaacha mlemle, maana kazi yetu ni kuwatazama. Daktari hawaachi. Anawatoa wote anaowaona, na nyama iliyowazunguka anaitoa."

"Anatoa titi."

"Anatoa titi."

Nje baba alikohoa. Bibi alikuwa anapumua karibu na sikio langu, na nikaona mkono wake umekwenda kifuani, umekaa pale juu ya kanga. Baadaye akasema wamenyonya humo saba, na mume wetu naye alilisifu, basi limefanya kazi yake. Akaking'oa kile kitenge vichwani mwetu, mwanga ukatupiga, akamwita mwanawe mkubwa kwa sauti iliyofika barabarani.

"Titi langu linakwenda kukatwa. Tafuta gari."

Baba alisimama. Alitazama chini, akasema sawa mama, akaanza kutafuta simu yake kila mfuko, na simu ilikuwa mkononi.

Safari hii sindano ilipotoka aliitazama tu. Majibu yakawa yale tuliyoyaogopa, akapangiwa upasuaji, akafanyiwa. Aliamka akiomba uji, na nilipomwamkia aliniambia nisifurahi mapema, bado yumo kwenye ndoa. Nilimlisha kwa kijiko huku nafurahi kama mtoto. Wiki zile nilikwaruza visahani vyangu kwa nguvu mpya, na wapasua mawe wakawa wananisalimia kwa kuniuliza habari za mke mwenzangu.

Halafu yakaja majibu ya nyama yenyewe, bibi akiwa bado wodini. Daktari alituita mimi na baba kwenye korido. Titi lilitoka lote, kingo zake safi. Lakini mitoki ya kwapani waliyoitoa pamoja nalo, baadhi ilikuwa na seli za kansa ndani. Zilikuwa zimeshaanza safari. Kuna dripu za dawa, alisema, na tutaanza mapema iwezekanavyo, na wengi wanafanya vizuri. Baba alinigeukia. Wa kumwambia bibi nilikuwa mimi.

Wodini, kitanda cha jirani na bibi kilikuwa cha mama mmoja kutoka Ukerewe, aliyepangiwa upasuaji kesho yake. Alikuwa amesimama, amefunga nguo zake zote kwenye mfuko. Alikuwa ametuambia tangu asubuhi kwamba kisu ndicho kinachoisambaza, anaondoka na meli ya mchana. Manesi walikuwa wamembembeleza mpaka wakachoka.

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda cha bibi, nikaushika mkono wake. Nikamwambia wamekutwa kwapani, mke mwenzangu. Walikuwa wameshatoka titini.

Akatazama dari. "Ule mtoki alioushika daktari siku ile nilipomkimbia?"

"Huohuo. Aliuandika siku ileile."

"Siku ile alikuwa hajanichoma hata sindano."

"Hajakuchoma."

Niliuona uso wake ukielewa, na katika maisha yangu sijaona kitu kilichoniuma vile. Miezi yote aliyokaa Kisesa akiilinda isiamshwe, yenyewe ilikuwa macho, inatembea. Nilitaka kumwambia habari za dripu, kwamba wengi wanafanya vizuri, lakini alinibana mkono ninyamaze. Hakulia. Alijigeuza kwa shida upande usio na kidonda, akamtazama yule mama wa Ukerewe, na akaacha Kisukuma chake akasema Kiswahili, polepole, ili asikosee hata neno.

"Mama, fungua huo mfuko. Siyo kisu. Mimi yangu ilihama nikiwa nimeificha."

Yule mama alibaki ameukumbatia mfuko kwa muda mrefu. Kisha akaketi kitandani, akaanza kutoa nguo zake moja moja.